Habari za Watu wa Mji wa Mwanza katika Kupigania Uhuru

Wazee wa Mwanza watajapo miaka ile iliyotangulia 1961 husema "vita vya uhuru". Wanafunzi wetu wa Buzuruga na Nyakato, wasikiapo neno hili vita, huuliza mara moja ni bunduki gani zilizopigwa na waliokufa walizikwa wapi. Swali lao si la upuuzi. Katika nchi jirani ya Kenya uhuru ulipiganiwa kwa damu: mwezi wa Aprili 1954 askari wa Waingereza waliuzingira mji wa Nairobi, wakawakamata Waafrika maelfu kwa maelfu na kuwapeleka kizuizini. Kule Msumbiji watu walipigana miaka kumi, tangu 1964 hata 1974. Mwanza hapakuwa na mambo ya namna hiyo. Walakini mzee asemaye "vita" hakosei Kiswahili chake.

Kupigana ni kazi ya mikono. Kupigania ni kulitaka jambo, au kulilinda, hata kama hapana mkono ulioinuliwa. Mjane hupigania shamba la watoto wake barazani, na hapana aulizaye upanga wake uko wapi. Tena kila vita, viwe vya risasi au vya maneno, vina watu wa namna mbili: wale ambao majina yao huandikwa, na wale wachukuao mizigo. Katika vita vya 1914 hata 1918, ndivyo vilivyowaleta Waingereza Mwanza tarehe 14 Julai 1916, wapagazi Waafrika waliochukua chakula na risasi walikuwa laki kadhaa, nao walikufa kwa njaa, homa na kuhara kupita askari waliouawa kwa bunduki. Jina lililobaki kwa ajili yao ni Kariakoo, nalo ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi lililogeuzwa na ndimi zetu. Na leo aendaye Kariakoo huenda kununua vitu, wala hakumbuki mtu aliyebeba mzigo. Nia yangu ni kueleza kidogo habari za wapagazi wa vita vya pili, yaani vya uhuru, katika mji wetu.

Yafaa kwanza tuwajue watu wenyewe. Mwanza ulikuwa boma la Wajerumani kando ya ziwa, na reli iliufikia mwaka 1928. Hata mwaka 1957 watu wake wote walikuwa karibu 20,000 tu, na Buzuruga, ambako baadaye mabasi ya Musoma yalipata kituo chao, kulikuwa nje ya mji kabisa. Mjini waliishi Wasukuma waliotoka vijijini, Wakerewe na Wajita waliovuka maji, Wahaya, Waganda, Wajaluo, Wanyamwezi, na Wamanyema waliofika zamani kwa njia za misafara. Makabila haya yote yalipatana kwa Kiswahili. Kazi zao zilikuwa za kila namna: wachukuzi wa bandarini na stesheni, mafundi cherehani vibarazani, madereva wa malori ya pamba, wavuvi na wachuuzi wa samaki, makarani, maboi wa nyumba za Wazungu, wapishi wa vitumbua na wapika pombe. Msukuma wa kijijini aliwaita wote Waswahili, hata yule aliyezaliwa Usmao akahamia Kirumba miaka mitatu iliyopita, mradi amevaa kanzu na kuacha kulima. Neno hilo halikuwa la sifa.

Wala walimu wa misheni wa siku zile hawakuwasifu. Katika mahubiri na katika vitabu vya shule, mji ulikuwa mahali vijana wanapopotelea, penye ngoma za usiku, vilabu vya pombe na wanawake wasio na waume. Si uongo kwamba mambo hayo yalikuwapo. Lakini mtu akiandika historia ya Mwanza kwa kuyaruka mambo hayo, ataandika historia isiyo na miguu, kwa maana watu wa vilabu na ngoma ndio walioibeba kazi ya uhuru wakati ambapo wasomi hawakuweza kuibeba.

Neno uhuru lenyewe halikuwa geni hapa. Mapadre walipofika Bukumbi mwaka 1883, kusini ya mji, waliwakomboa watoto watumwa kwa fedha na kuwalea. Na katika Kiswahili cha zamani huru ni mtu asiye mtumwa, na uhuru ni hali yake. Utumwa ulikatazwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Basi wakati wasemaji wa mikutano walipoanza kusema uhuru wa nchi, mzee aliyezaliwa kabla ya huo 1922 alisikia neno alilolijua kwa mwili wake: kukombolewa, kuachiliwa, kutouzwa tena. Ndiyo sababu neno lilipenya upesi kuliko kama lingekuwa neno jipya lililotungwa na wasomi. Neno siasa ndilo lililopata safari ngeni zaidi. Kamusi za zamani zilizoandikwa na wamisionari zilieleza siasa kuwa upole, uangalifu, kufanya jambo taratibu na kwa akili. Mtu mwenye siasa alikuwa mtu mpole. Katika miaka ya 1950 "kufanya siasa" likawa kosa ambalo karani aweza kufukuzwa kazi kwa ajili yake.

Nalo lilikuwa kosa kweli. Mwaka 1953 serikali ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake Waafrika wasiwe wanachama wa vyama vya siasa. Tuangalie maana yake katika mji kama Mwanza. Aliyejua Kiingereza, aliyeweza kuandika barua kwa Gavana na kusoma sheria, karibu kila mara alikuwa ama karani wa serikali, ama mganga msaidizi, ama mwalimu. Karani alifungwa na waraka. Mwalimu wa misheni hakuwa mtumishi wa serikali kwa jina, lakini mshahara wake ulitoka kwa sehemu kubwa katika msaada wa serikali, na mkuu wa shule aliweza kumwambia achague. Ndivyo ilivyompata Julius Nyerere aliyekuwa akifundisha shule ya Mtakatifu Francis, Pugu. Mwezi wa Machi 1955 aliacha ualimu. Walimu wengi hawakuacha, wala sioni haki ya kuwalaumu. Mtu mwenye watoto sita na nyumba ya misheni hana pa kuhamia.

Basi mzigo ukawaangukia wasio na mshahara wa kupoteza. Wako waliokuwa wamerudi kutoka vita vya 1939 hata 1945, maana Waafrika wa Tanganyika waliochukuliwa katika vita vile walipita 80,000, na baadhi yao walifika Burma. Wako pia wafanyabiashara wadogo. Mwaka 1945 ulianzishwa Umoja wa Wasukuma hapa Mwanza, na muda mfupi baadaye Chama cha Ushirika cha Wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza; mwaka 1947 chama hicho kilipata katibu kijana aitwaye Paul Bomani, mtoto wa mhubiri wa Wasabato, aliyekuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui. Kijana huyu alifanya hesabu za maduka madogo ya sukari na chumvi, na kwa hesabu hizo akaingia katika jambo kubwa kupita sukari na chumvi, yaani pamba.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa pamba ndiyo iliyounganisha mji na vijiji. Mkulima wa Usukuma alipeleka pamba yake kwenye kituo cha kununulia, ambako mnunuzi, mara nyingi Mhindi mwenye kiwanda cha kuchambulia au mtu wake, aliipima kwa mizani yake mwenyewe. Mkulima hakujua kusoma mizani. Aliona sindano ikitikisika, akasikia namba, akapewa fedha. Kwamba mizani zote zilidanganya siwezi kusema. Lakini mtu asiyeweza kusoma mizani hawezi kujua kama ameibiwa au la, na hali hiyo peke yake yatosha kuharibu usingizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa kiliweka wapimaji wake vituoni, vijana waliojua namba, wasimame kando ya mizani ya mnunuzi na kuitazama. Kazi yao ilikuwa hiyo tu, kutazama. Hapana hotuba, hapana bendera. Nadhani hakuna jambo lililomfundisha mkulima maana ya serikali yake mwenyewe kuliko kumwona kijana mweusi akiinama kusoma sindano na kusema kwa sauti ratili ngapi.

Kutoka hapo vikatokea vyama vya ushirika vya vijijini, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, lenye makao yake Mwanza, ambalo baada ya miaka michache lilihesabiwa kuwa mojawapo ya vyama vikubwa kupita vyote vya Waafrika barani. Kwa wakati ule ushirika uliruhusiwa na hata kusaidiwa na serikali, hali siasa ilikatazwa. Mtu aliyekatazwa kufungua mlango mmoja alipita mlango wa pili.

Chama cha TANU kilianzishwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Miongoni mwa watu 17 waliokutana siku ile walikuwamo wajumbe waliotoka Jimbo la Ziwa, naye Saadani Abdu Kandoro, mtu wa Ujiji kwa asili, mshairi, aliyeandika baadaye kitabu cha Mwito wa Uhuru, alikuwa mmoja wao. Pamoja naye katika kazi ya huku ziwani yatajwa sana jina la Bhoke Munanka. Lakini kabla mwaka haujaisha serikali ilikataa kuandikisha matawi ya TANU katika nchi ya Wasukuma, na katazo hilo lilidumu hata 1958. Mahali pengine pa Tanganyika watu walikata kadi waziwazi na kuzionyesha kwa majirani. Mwanza, kwa miaka minne, tawi lilikuwa jambo lisilo halali.

Sababu ya katazo ilikuwa vijijini zaidi kuliko mjini. Baada ya vita vya pili serikali ilileta mpango mkubwa wa kuiendeleza Usukuma, na watemi wakaunganishwa katika baraza moja lililokaa Malya. Kutoka Malya zilishuka amri: kulima kwa matuta yaliyofungwa, kupunguza ng'ombe, kulipa ushuru, kutofanya hili wala lile bila ruhusa. Nyingi za amri hizo zilikuwa na akili ndani yake, kwa kuwa ardhi ilikuwa imechoka kweli. Walakini zililetwa kwa faini, na mtemi aliyekuwa zamani mwenye mvua na mbegu za watu wake akageuka kuwa mtu wa kutoza. Serikali ilihofu kwamba watu wa mjini wakienda kusema na wakulima, amri hizo zitakataliwa kote. Hofu hiyo ilikuwa ya haki, maana ndivyo ilivyokuwa.

Sasa, chama kisichoruhusiwa huishi namna gani? Hakiwezi kukutana uwanjani. Hukutana jikoni, sokoni, msibani, arusini, katika ngoma. Na mahali pote hapo ni mahali pa wanawake. Kule Dar es Salaam, mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba, aliwaita wanawake wa vikundi vya ngoma wakaingia TANU kwa mamia. Kikundi kilikuwa na viongozi wake, mweka hazina wake na desturi ya kuchangishana, hata hapakuwa na haja ya kuwafundisha maana ya chama. Mwanza nako wanawake wa mjini walifanya kazi hiyo. Mwanahistoria Mmarekani Susan Geiger alikusanya masimulizi yao pamoja na ya wanawake wa Dar es Salaam na Moshi, akatoa kitabu mwaka 1997. Na humo twakuta majina ya Mwanza kama Agnes Sahani na Halima Ntungi, ambayo vitabu vya shule vilikuwa havijayataja.

Mimi naona ajabu moja katika habari za wanawake hawa. Jambo lile lile ambalo mhubiri alilihesabu kuwa aibu yao ndilo lililowawezesha. Mwanamke aliyeachwa na mumewe, akajenga chumba na kupangisha, akapika pombe au maandazi na kushika fedha yake mwenyewe, hakuwa na mtu wa kumwomba ruhusa ya kutoka usiku. Alikuwa na senti za kuchanga. Alijua kila mtu mtaani, kwa sababu wote walinunua kwake. Askari akiona wanawake wanane wanaingia nyumba moja na ngoma, alidhani ni arusi. Mke wa mwalimu, aliyefundishwa kushona na kuimba nyimbo za kanisa, na ambaye jina la mumewe lilikuwa katika daftari la mshahara, hakuweza kufanya hata nusu ya hayo, ijapokuwa moyo wake uliwaka vilevile.

Mwaka 1958 kazi hiyo ilijaribiwa. Serikali ilikuwa imeshika shauri la kuchanganya mataifa matatu, Waafrika, Wahindi na Wazungu, katika mabaraza, na Geita, ng'ambo ya ghuba, ikaundiwa baraza la wilaya la namna hiyo. Watu waliita mambo haya mseto, kwa mfano wa chakula kile cha mchele na choroko. Na neno lilichaguliwa vizuri, kwa kuwa katika mseto hakuna mtu azihesabuye choroko zake. Wasiwasi wa wakulima ulikuwa kwamba Wahindi na Wazungu, waliokuwa wachache sana Geita, wakiingia katika baraza watapata haki juu ya ardhi. Watu wakakataa. Makutano makubwa yakafanyika, na mwezi wa Julai mamia ya wakulima wakaja Mwanza, wakitaka kusema na Mkuu wa Jimbo uso kwa uso. Wakakaa mjini, wakingoja jibu. Mwishowe polisi waliwatawanya kwa virungu na mabomu ya moshi wa machozi.

Hayo vitabu vyaeleza, navyo huyaeleza kama habari za Geita. Lakini tufikiri kidogo. Watu mia kadhaa, wageni, wasio na ndugu wengi mjini, hawawezi kuketi siku kadhaa bila maji, uji na mahali pa kulala, tena Julai ni mwezi wa upepo na usiku wake una baridi kando ya ziwa. Mji mzima ulikuwa na watu 20,000, wake kwa waume na watoto. Hapana hoteli iliyowapokea, hapana ofisi iliyowagawia chakula. Waliolishwa walilishwa na watu wa Kirumba na mitaa mingine, katika sufuria zilezile za biashara. Na moshi ule wa machozi haukuchagua kati ya mkulima wa Geita na mama aliyemletea uji. Wasukuma wa vijijini, waliokuwa wakiwadharau Waswahili wa mjini, walirudi makwao wakiwa wamekula mikononi mwao.

Kabla ya mwaka kwisha serikali ililegeza. TANU ikaandikishwa katika nchi ya Wasukuma, na shauri la mabaraza ya kuchanganywa kwa nguvu likaachwa. Watemi wengi hawakupona machoni pa watu wao baada ya hapo. Utemi wenyewe ukafutwa kwa sheria mwaka 1963.

Likabaki jambo la kura, nalo ndilo chungu katika habari hizi. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika kwa mafungu mawili, mwezi wa Septemba 1958 na Februari 1959, na Jimbo la Ziwa lilikuwa katika fungu la pili. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Huko ndiko TANU ilikogawanyika mawazo katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, kabla ya kukubali kuingia. Na ili aandikwe, mtu alipaswa kuwa amefika darasa la 8, au kuwa na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au kushika cheo kilichotajwa. Mwalimu wa misheni alifaa. Karani wa serikali, ambaye waraka ulimkataza chama, alifaa kupiga kura. Mtemi alifaa. Mchukuzi wa bandarini hakufaa, wala dereva wa lori la pamba, wala mama wa vitumbua aliyelisha watu wa Geita miezi saba kabla.

Mwezi wa Agosti 1960 masharti yalipunguzwa: kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au mapato ya pauni 75. Wanawake kadhaa wa mjini wakaingia hapo, wale waliopata kusoma kidogo. Wengine wakabaki nje. Bendera ikapandishwa tarehe 9 Desemba 1961. Hao waliobaki nje walipiga kura yao ya kwanza mwezi wa Novemba 1962, Tanganyika ilipomchagua Rais wake wa kwanza na kila mtu mzima akaruhusiwa, akiwa na cheti au hana, akijua kusoma au hajui.